Taarifa ya Mhazini

Mlezi wa klabu, Mwalimu Ruhomvya,
mwenyekiti, wanachama kumi na sita
(Yoramu yupo zahanati, malaria, anawasalimu),
nasimama kusoma hesabu za muhula.

Mtaji: shilingi elfu mbili kwa kila kichwa,
jumla elfu thelathini na mbili, nyingine sarafu
zenye harufu ya dagaa, kwa kuwa zilifunguliwa
kwenye pindo za kanga za mama zetu.

Matumizi: mise, madumu mawili, kwa Mama Ntakije
ambaye alitupunguzia bei, kisha akaipandisha, kisha akacheka.
Kostiksoda. Kuni. Mbao na misumari ya fremu za kukatia.
Jumla elfu thelathini. Stakabadhi zipo,
isipokuwa ya kuni: muuza kuni hakuwa na kalamu,
nami sikuwa na moyo wa kumtungia sahihi.

Sabuni tuliipika nyuma ya jiko la shule.
Ilichemka kama ugomvi wa mashemeji,
upepo wa Kasulu ukitusukumia moshi machoni
hadi aliyekuwa akicheka na aliyekuwa akilia
wakafanana.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi hii
nimeiandika mara nne.

Mnaujua utepe huu wa kijani begani mwangu.
Umoja wa Wanataaluma Bora: wastani wa A,
mstari wa mbele paredi, chai ya maziwa kila Ijumaa.
Ndiyo sababu mlinikabidhi daftari. Mlisema,
"Evodia hakosei."

Nilikosea.
Fremu zilikuwa mbili, vipande sitini kwa jumla;
mimi nikasoma sitini kwa kila moja.
Nikagawa gharama kwa mia na ishirini, nikaongeza faida hamsini,
nikaandika kwenye bango, kwa wino mwekundu: MIA TATU.
Mkuu wa shule akaitangaza bei hiyo mbele ya wazazi.
Ndugu wanachama, tungeuza hadi kipande cha mwisho
tukarudi na elfu kumi na nane
na aibu isiyo na stakabadhi.

Siku ya mauzo nilifunua turubai, nikahesabu.
Mia na ishirini.
Nikahesabu tena, nikigusa kimoja kimoja.
Mia na ishirini, vyembamba, vimenyooka,
na kwenye fremu, katikati ya kila misumari miwili,
msumari wa tatu: mkongwe, wenye kutu,
umenyooshwa kwa jiwe.

Butoyi Gwimo, wa arobaini na moja kati ya arobaini na watatu,
yule ambaye darasa la hesabu linamwita "abiria",
alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
akitoa sabuni kwenye kucha kwa uzi wa kukatia.
Hakuniangalia. Alisema tu,
"Bango zuri. Ingekuwa hasara kulifuta."

Hakumdanganya mnunuzi. Udogo wa kipande
ulionekana kwa macho, na wazazi waliotoka Murubona
walikigeuza, wakakipima kiganjani, wakalipa.
Alichofanya ni kulichukua kosa langu
usiku, peke yake,
na kulifanya kweli.

Mapato: elfu thelathini na sita. Faida: elfu sita.
Salio lililopo mkononi: elfu thelathini na nane.
Mwalimu, nimetafuta kwenye daftari
mahali pa kuandika jina lake. Kuna Mapato,
kuna Matumizi, katikati kuna mstari.
Nimeliandika juu ya mstari, kwa penseli,
jana nikarudia kwa wino.

Kuhusu utepe: nimeufua kwa sabuni yetu.
Umetakata. Kijani kingi kimebaki kwenye beseni.

Naomba kuwasilisha.