Umeyumba

Mwaka wa kwanza alinipa ufagio.
Ua wa Katuba una vumbi jekundu lisilokwisha:
nikilifagia asubuhi, jioni limerudi
kama mdai aliyejua nipo nyumbani.
Mwaka wa pili alinipa hatua tatu mbele,
mgeuko mmoja,
pumzi itokayo chini ya kitovu,
na jina la hayo yote, Sanchin.
Nikauliza lini nitajifunza kupiga.
Tata Mwilambwe akanionyesha ufagio.

Yeye mwenyewe hajawahi kufika Okinawa.
Alikuwa mchomeleaji wa reli, mikono imejaa makovu ya cheche,
na kabla ya reli, kijana wa Musoshi
akishuka shimoni pamoja na Wajapani wa shaba.
Mmoja wao, Higa, mfupi, mkimya,
kila jioni alisimama nyuma ya kambi peke yake
akipumua kama mtu anayesukuma mlima.
Mwilambwe alimtazama kwa mbali miezi minne.
Mwezi wa tano Higa akampa ufagio.

Watoto huuliza: Okinawa iko wapi, Tata?
Hujigusa chini ya kitovu,
kisha huomba maji ya kunywa.

Higa alipoondoka aliacha mitungi miwili
ya kubebwa kwa ncha za vidole,
mchanga ndani yake, kila mwezi kijiko kimoja zaidi.
Mmoja niliuvunja mimi.
Nilikuwa na miaka kumi na saba
na baba aliyekufa akidai mishahara ya miezi thelathini na sita;
nikauachia juu ya saruji, makusudi.
Tata hakunipiga. Hakunifukuza.
Aliokota vigae, akavihesabu, kumi na tisa,
kisha tukatembea hadi kichuguu kimoja cha njia ya Kipushi,
kirefu kuliko nyumba yetu,
tukachimba udongo wake,
na mfinyanzi mmoja, Mama Chungu, kiziwi wa sikio moja,
akatufinyangia mwingine.
Huu ni mwekundu. Ule wa Higa ni wa kijivu.
Uzito haulingani.
Hadi leo nikiinua yote miwili
bega la kulia linakumbuka.

Sasa nina miaka arobaini na mitatu,
wanafunzi tisa, mmoja tu anayelipa,
na mke anayeuliza, bila ubaya,
kama karate inasongwa bukari.
Tata alianguka bafuni mwezi wa Machi.
Mkono wa kushoto haumtii tena,
na mdomo wake huacha silabi njiani.

Jumapili iliyopita alikuja na fimbo yake.
Vua shati, akasema. Simama.
Nikasimama, vidole vya miguu vikishika ardhi.
Akanizunguka kwa nyuma.
Nikasikia fimbo ikiegemezwa ukutani.

Zamani makofi yale yalisikika
hadi kwa wauza munkoyo, wakadhani kuna ugomvi.
La kwanza lilitua begani
kama nguo iliyodondoka kambani.
La pili lilikosa bega, likagusa shingo,
na mkono ukabaki pale, ukitetemeka,
ukitafuta njia ya kurudi.

Sikusogea. Hata kope.
Wanafunzi tisa ni mashahidi.

Umeyumba, akasema.

Nilitaka kubisha.
Lakini pumzi ilikuwa imepanda, imefika kooni,
ilikuwa inataka kuwa neno, au kitu kibaya kuliko neno,
na yeye, ambaye haoni vizuri tena,
aliisikia ikipanda.

Rudia.

Nikarudia. Hatua tatu, mgeuko, hatua.
Mara ya sita hakusema kitu,
na kwake hiyo ni sifa, au ni uchovu.
Akaanza kupapasa ukuta, akitafuta fimbo.
Ilikuwa upande wa pili, karibu na mitungi.
Mtoto mmoja akanyanyuka kumpa,
nikamkataza kwa macho.

Ilichukua muda mrefu.
Nilisimama, kifua wazi, jasho likikauka,
nikapumua chini ya kitovu
mpaka aliposhika.