Meza Isiyo na Nyaya

Chedego, kijana wa tajiri, kaniletea kisahani cheusi
ofisini Kizota, kwenye mashine ya alizeti.
"Weka simu juu, basi. Nyaya tumezizika."

Kweli, meza imepumua.
Hakuna tena mkia unaovuta kikombe changu cha chai;
vumbi nalifuta kwa mkupuo mmoja.

Ila kisahani kinadeka.
Simu ikisogea upana wa kidole
inashinda njaa mpaka jioni,
na wenye magunia wananipigia toka Kongwa
nikiwa na asilimia nne.

Halafu joto.
Umeme unaoruka hewani unalipa nauli njiani;
LUKU haijui haya, inahesabu hata uliomwagika.
Nikainama uvunguni: waya huo hapo,
umejikunja gizani.
Haukuzikwa. Umehama tu.

Ule wa zamani nimeufunga uzi,
uko kwenye droo, chini ya risiti za mashudu.
Sijautupa, na Chedego hajui.

Lakini leo, Julai, saa moja asubuhi,
upepo unakata masikio,
nimeinua simu
nikabandika viganja juu ya hasara
kabla haijapoa.