Mstari wa 212

Ojārs,
Ijumaa walitubadilishia mfumo endeshi.
Raitis alikuja na treni ya Riga, sweta la njano,
akasema: dakika arobaini, mama, hutasikia kitu.
Kweli sikusikia kitu.
Alfajiri niliiita programu yako ya mto, kimya.
Nikakiamsha kikusanyaji chako cha Fotrani,
kikajibu kwa wino mwekundu:
maktaba haipatikani.

Tangu tisini na moja kimekula mvua na theluji za Daugava,
kikatema namba moja kila siku:
kesho maji yatafika wapi.
Mifumo sita imepita juu yake kama wapangaji,
kila mmoja na rangi yake ya ukuta,
nacho kipo chini ya ngazi, hakijadai hata balbu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu kaja, mwenyeji kakatika kauli.

Na barafu imeanza kulia pale darajani.
Usiku mzima, krr, krr,
kama jirani anayeburuta kabati.

Nilitafuta maktaba za zamani.
Ya kwanza ikamtaka dada yake,
dada akamtaka babu,
babu alishafutwa na watu wasiomjua.
Raitis kwenye simu: andika upya, mama, lugha za siku hizi ni tamu.
Kwa muda gani?
Wiki sita.
Nikatazama dirishani. Mto haukuwa na wiki sita.

Basi nikakusoma wewe.
Herufi kubwa tupu, kama mtu apigaye kelele kwenye simu mbovu.
Mstari wa 212, kando yake umeandika:
USIGUSE. BILA HUU MASHINE INAZIMIA.
Mashine gani, Ojārs?
Ile ya kijivu, yenye feni ya kukohoa?
Tuliitupa mwaka binti yangu alipoanza shule.
Sasa yeye ndiye anayefunga watoto skafu.
Miaka yote hiyo mstari wako umempigia goti
mfalme aliyekwisha kuzikwa,
na ni huo peke yake uliokuwa ukiililia ile maktaba.

Nikaufuta.
Sikusali. Nilimalizia chai iliyopoa.
Kikakusanya.
Mita 6.418.

Nilicheka peke yangu ofisini, mtu mzima.
Kisha nikavuta daftari la Alhamisi,
vipimo vilevile, mfumo wa zamani:
6.421.
Milimita tatu.
Raitis akasema kila toleo lina mahali pake pa kukata desimali,
na zote mbili ni sahihi.
Nilitaka kukuuliza wewe.
Nikapiga simu kule nyumba ya wazee;
muuguzi akasema siku hizi unamtambua mbwa tu.

Nikavaa buti, nikachukua tochi.
Kwenye nguzo ya daraja, rangi ya vipimo imebanduka
palepale, kati ya sita na sita na nusu.
Maji yakapanda kiganja,
yakashuka kiganja,
vipande vya barafu vikigongana bila haraka.
Nilisimama hadi vidole vikafa ganzi.

Nimerudi. Mahali pa 212 nimeacha maneno,
si kwa herufi kubwa:
hapa palikuwa na mstari, nimeuondoa mimi, Vizma, Machi.
Ukikwama, uliza kwanza uliandikiwa mashine gani.
Halafu toka nje ukaangalie.