Manjano Wameweka Wote

Sechelela wa Mlali alikaa kwenye benchi la ofisi yangu,
chupa ya mafuta mapajani kama mtoto aliyelala,
akasema: lebo nataka, ila manjano usinipe.
Manjano wameweka wote.

Nikamfungulia kompyuta. Rangi milioni kumi na sita,
nikazitandaza mbele yake kama muuza vitenge wa Majengo:
hii je? Na hii? Hii ndiyo inatamba sasa.
Akatazama kwa adabu.
"Ni rangi, ndiyo," akasema. "Lakini ni ya nini?"

Swali lile lililala nami, likaamka kabla yangu.
Ya nini.

Maana lugha hii niliyonyonya ina rangi tatu tu za kwake,
nyeupe, nyeusi, nyekundu.
Nyingine zote imekopa, na mkopeshaji anatajwa:
kijani kimetoka kwenye jani, kahawia kwenye kahawa,
zambarau tumeiokota chini ya mti wake,
majivu ni majivu,
na ile nyekundu iliyochoka tunaiita damu ya mzee
bila kumwomba mzee ruhusa.
Hata manjano yalikuwa jikoni kabla ya kuwa rangi.
Hakuna isiyo na kwao.
Na mimi, miaka saba, naziita kwa namba.

Nikaenda Mlali na daftari. Simu nikaizima.

Ulikuwa Julai. Alizeti zilizosahauliwa shambani
zimeinamisha vichwa, nyuso nyeusi,
kama wanafunzi waliorudishwa ada.
Nikaandika: weusi wenye vumbi, si weusi wa wino.
Kwenye kuta za nyumba, udongo uliorushwa na mvua ya Machi
ulikuwa bado umepanda hadi usawa wa goti,
chini mzito, juu unafifia, unafifia, kisha chokaa.
Nikasimama hapo muda mrefu hata mbwa akaacha kubweka.
Kazi hiyo ya kufifisha mimi huifanya kwa kipanya
na huwa inaonekana.

Beseni la buluu: upande wa jua limepauka,
upande wa ukuta bado lina siku ya kununuliwa.
Nikaandika.
Mashudu: nikaandika, nikafuta, nikaandika tena.

Kisha mashine ikakohoa, mafuta yakaanza kushuka,
na hayakuwa manjano hata kidogo.
Mazito, yenye povu, yameficha mwanga ndani
kama chai ya rangi iliyosahaulika dirishani.
Chai ya rangi! Tumeinywa tangu utoto,
na rangi gani, hatujawahi kuulizana.

Mjini nilichanganya siku mbili.
Chilongani wa mtambo wa uchapaji akataka namba,
nikampa nne. Zilikuwa sahihi,
na zilipofika kwenye karatasi zilikuwa yatima.
Nikamwambia: fikiria chai. Akacheka,
lakini akapunguza buluu.

Sechelela alikuja Ijumaa na kibakuli chake.
Akaweka lebo pembeni ya mafuta, akasogea mlangoni,
akainua vyote viwili kwenye jua la Dodoma lisilobembeleza mtu.
Akanyamaza kiasi cha kunitoa jasho.

"Umekaribia," akasema.
"Ila hii yako ni asubuhi.
Sisi tunakamua mchana."

Nikavuta kiti.
Nikaongeza wekundu, kidogo, kidogo tena,
mpaka ikafika saa saba kasoro.