Maili Sitini na Nane

Wodi ya wazazi imefungwa kwa mnyororo wa baiskeli.
Bawabu alikosa kufuli kubwa, akauchukua wa mwanawe.
Leo, katikati ya Februari, hapa Tolliver,
Virginia Magharibi, theluji imefika magotini.

Rhonda kashikwa na uchungu tangu alfajiri.
Nyuma ya ambulensi ni mimi, Odessa,
muuguzi wa zamani wa wodi ile ile,
na hospitali yenye mzalishaji iko maili sitini na nane,
ng'ambo ya milima miwili na daraja linaloteleza.

Anahesabu pumzi. Nahesabu mapigo.
Clovis, dereva, hahesabu kitu; anazilaani waipa.

Huyu Clovis alizalishwa na Daktari Teets,
na nusu ya darasa lake pia.
Teets alikuwa na mikono minene ya mchinja nguruwe,
lakini mtoto akimfikia, mikono ile ilikuwa na haya.
Kisha usiku mmoja wa Oktoba,
saa ya thelathini na moja ya zamu yake, maana hakuwepo wa kumpokea,
mashine ilichora bonde. Na bonde. Na bonde jingine.
Nikamwamsha. Akasema, "Dakika tano, Odessa."
Zile tano zikazaa arobaini.

Mtoto yule ni Wesley. Ana miaka sita,
hulishwa kwa mpira wa tumboni, hucheka akisikia maji ya bomba.
Mamaye ni Verlene Stalnaker,
dada wa tumbo moja wa huyu niliyemshika mkono.

Mahakamani wakili aliuliza: dakika ngapi?
Ningeweza kusema sikumbuki.
Nilikuwa nimekula Krismasi tisa mezani kwa Teets,
mkewe ndiye aliyenifundisha kushona.
Nikasema: arobaini.
Teets hakuinua uso. Alitikisa kichwa, kukubali,
kama mtu aliyesomewa uzito wa mzigo wake mwenyewe.

Bima ikapanda mara tatu. Barua ilikuwa na aya mbili.
Akauza nyumba, akahamia Ohio
kupima macho ya madereva wa malori.
Tangazo la nafasi yake bado liko ubaoni,
jua limelila herufi, limebaki neno *haraka*.

Wabunge wa jimbo wakakutana, wakatunga sheria:
maumivu yasiyo na risiti yawekewe dari.
Madaktari watarudi, walisema.
Tukangoja. Nilipaka wodi rangi kwa mkono wangu, manjano,
kabla ya mnyororo.
Verlene alinikuta dukani, kwenye foleni,
kabeba nepi za wazee, ambazo huzikata kwa mkasi zimtoshe mwana.
"Odessa," akasema, "hiyo dari
walipima urefu wa nani?"

Sikuwa na jibu. Sina hata sasa.
Najua nilisema kweli, na kweli ilikuwa haki yake,
na wodi ikafungwa.
Nimejaribu kuyapanga haya matatu kwa kila namna,
kila namna kuna mtu anabaki nje kwenye baridi.

Leo asubuhi Verlene alitusindikiza hadi mlangoni mwa gari,
Wesley kifuani, kafunikwa blanketi la farasi.
Hakunilaumu, hakunishukuru.
Alinyoosha kidole kwenye mashine yangu ndogo.
"Itazame," akasema.

Naitazama.
Tumepita kanisa la Wabaptisti, tumepita mgodi uliokufa.
Darajani lori la chumvi limelala ubavu,
Clovis anarudi kinyumenyume, anatafuta njia ya juu.
Bonde.
Nambadilisha ubavu, naongeza oksijeni.
Bonde jingine, refu kidogo.

"Odessa," anasema Rhonda, meno yakigongana,
"zimebaki dakika ngapi?"

Natazama theluji. Natazama saa.
Zimebaki arobaini.

"Tano," nasema.