Hesabu ya Aprili Mosi

Aliyeichora kaunti hii hakuwahi kufika.
Alikuwa na rula na meza, mji wa mbali,
akapiga mistari mitatu iliyonyooka;
wa nne ukapinda mkononi mwake
kwa kuwa kijito cha Sabel kilikataa kunyooshwa.
Ndio mpaka wetu wa magharibi hadi leo:
mkaidi, na kiangazi hukauka.

Humo ndani, vilima vya mchanga,
mchanga uliolala chini ya blanketi la nyasi.
Ukilichana kwa jembe
mchanga huamka, na hakuna wa kuubembeleza.
Babu zetu walijaribu. Ndiyo maana twafuga ng'ombe.
Maji yako chini, mengi kuliko tunavyostahili;
vinu vya upepo huyavuta kwa kigugumizi,
ki-ki, ki-ki, usiku kucha.
Mgeni hakosi kukesha.
Sisi, vikinyamaza, ndipo tunapoamka.

Mji ni mmoja, Orvane:
mnara wa maji, posta ya nusu siku,
shule ya watoto tisa, wawili wao wa mwalimu,
kanisa la Kilutheri linaloazima mchungaji
kama watu wanavyoazimana ngazi.
Reli iling'olewa nikiwa darasa la pili.
Tuta lake lingalipo; ndilo mlima wetu.

Kibao cha barabarani husema: WATU 412.
Hakisemi lini.

Mimi Arlys Hruska, karani wa sensa
kwa kuwa hakuna mwingine aliyeomba.
Nina kalamu, dodoso, beji shingoni,
na gari la marehemu mume wangu, linalovuja oili.
Swali la kwanza ni lile lile kila nyumba:
Aprili mosi, humu mlilala wangapi?

Kwa akina Tvrdik, sita, na mwanakondoo jikoni.
Delmar Ostby, peke yake,
maili kumi na nne toka taa ya jirani,
alinimiminia kahawa, akanirudishia swali:
"Na kwako, mlilala wangapi?"
Mmoja, nikasema.
Akanitazama kana kwamba nimekosea kujumlisha.
Eusebio, kibarua wa ranchi, aliiogopa beji,
akabaki nyuma ya mlango wa wavu.
Sitaki karatasi zako, nilimwambia, nakutaka wewe tu.
Mmoja.
Akalirudia neno kwa lugha yake, polepole,
kama mtu anayehakiki chenji.

Ng'ombe sikuwaandika. Wapo sitini kwa kila mtu,
na wao huhesabiwa kila mwaka.

Hapa hazaliwi mtu. Hospitali iko kaunti ya pili,
mwendo wa maili sitini;
kwa vyeti vya kuzaliwa, sote ni wageni.
Kufa, twafia nyumbani.

Wendell Skoglund alikufa Aprili pili, alfajiri,
viatu vyake vikimngoja mlangoni.
Mjukuu wake Tansy alijifungua Aprili tatu.
Kanuni iko ukurasa wa nne:
aliyelala humu usiku ule, yumo.
Basi marehemu yumo. Mtoto hayumo.
Miaka kumi Wendell ataishi katika majedwali,
mwanamume, themanini na tisa,
atatengewa changarawe ya barabara na chanjo ya mafua,
na binti huyu atatambaa, ataota meno, atang'oka meno,
bila kuwepo.

Nilikaa garini mbele ya nyumba yao, nimezima injini.
Ingekuwa rahisi. Huyu atoke, yule aingie,
jumla isingejua.

Tansy akaja dirishani,
mtoto kamfunga ndani ya koti la kazi la mzee.
"Umeshamwandika?"

Nikahesabu tena, kwa vidole, kama asiyekwenda shule.
Upepo ukafunua dodoso ukurasa kwa ukurasa
kuliko nilivyowahi kulisoma mimi.
Nikamwambia, hapana.
Nikamwambia, mzee amemshikia nafasi.

Hakucheka, hakulia. Alirekebisha kola ya koti.
Gari likakataa kuwaka, mara mbili.