Mlango wa Mtaa wa Harlan

Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za kikao:
nani kahudhuria, nani katuma udhuru,
azimio gani limepita.
Haya nayaandika nyuma ya karatasi
kwa sababu hayakuwa na ajenda.

Cleveland, ghorofa ya tisa, Februari.
Ziwa limeganda mpaka macho yanapokoma.
Profesa Achterberg kaandaa viti ishirini vya wadau wa jamii,
vibandiko vya majina, keki ya limau.
Viti kumi na tisa vikabaki na majina matupu.
Cha ishirini akakikalia Bi Verlene Tubbs,
mwenye duka la mashine za kufulia Mtaa wa Harlan.
Koti hakulivua.

Akaulizwa: wenzako wako wapi?
Akajibu: kuegesha gari hapa ni dola tisa.
Nikaandika, "Changamoto za usafiri zilijadiliwa."

Akasema tena, na hili sikuliandika:
Mwaka wa themanini na nane mlikuja na sindano na fulana za bure.
Mama yangu aliwapa chupa nne za damu.
Fulana ilichakaa, ikawa tambara la kudekia.
Majibu ya damu tunayangoja.

Mtu wa fedha akakoroga kahawa isiyo na sukari.
Achterberg, ambaye mikono yake imewahi kushika moyo ukipiga,
alikosa pa kuiweka mikono ile.

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga.
Wahenga hawakuziona fomu zetu:
maswali sitini na mawili,
na hakuna hata moja lililouliza,
umekula?

Alhamisi akashuka kwa miguu, nami nyuma yake.
Mtaa wa Harlan uko mgongoni mwa hospitali, pua na mdomo,
lakini upande ule ni ukuta mtupu,
matofali, mapipa, bomba linalopumua mvuke wa jikoni.
Tukauzunguka. Nilihesabu: dakika kumi na nne,
theluji ikimwingia kwenye viatu vyake vya ukumbini.
Hatukusemezana.

Ndani, joto na harufu ya sabuni.
Bwana Elroy Gaines anapambana na shuka peke yake.
Profesa akashika ncha ya pili.
Wakakunja, wakakaribiana, wakaachana, wakakaribiana,
na katikati ya shuka la tatu mzee akasema
vidonge vya presha huvikata vipande viwili
vimfikishe mwisho wa mwezi.
Nusu kidonge, nusu Elroy, akacheka,
akapokea ncha.

Vikao vikahamia pale. Miezi kumi na saba.
Sitaki kusema palikuwa shwari.
Mara moja Bi Verlene alitutimua, sote, na makabrasha yetu,
kwa kuwa jarida la hospitali lilitoa picha yake bila kumwomba.
Tulirudi baada ya wiki sita, na tulibisha hodi.
Daktari kijana, Venkataraghavan, alijifunza kwanza kukunja shuka za lastiki,
kisha kunyamaza.

Tulimpa Bi Verlene orodha: gari la kliniki, maonyesho ya afya, fulana.
Hakuigusa.
Toboeni ukuta, alisema.
Mtu wa fedha alileta hesabu ya kufuli, mlinzi, kamera, bima ya mlango.
Akaileta mara nne.
Mara ya tano alikuja bila hesabu, na nguo zake chafu kwenye mfuko.

Bwana Gaines tulimzika Agosti.
Mlango ulifunguliwa Novemba.
Si mlango wa sifa. Baridi ikikaza, bawaba hugoma,
sharti uusukume kwa bega.

Aliyeusukuma wa kwanza alikuwa Bi Verlene. Haumwi.
Mkononi ana tiketi ya dobi,
nyuma yake jina la mama yake, kwa wino wa buluu.
Akaiweka juu ya meza ya mapokezi.
"Nimefuata majibu," akasema.

Msichana wa mapokezi akamtazama Achterberg.
Achterberg akavuta kiti.

Nikafungua daftari,
nikaandika neno kwa neno.